Tangi la Ziada la Petroli kwenye Pikipiki: Dalili, Sababu na Namna ya Kulitengeneza

Tangi la ziada huwa halisumbui gereji. Gereji kila kitu hutiririka vizuri, fundi anafuta mikono, mwenye pikipiki anaondoka. Kilomita 200 mbele tangi kuu limekauka, na lita 12 zimekaa nyuma kwenye keria, zinachezacheza, hazishuki. Nimelifunga tangi la namna hii kwenye pikipiki zangu mbili na nimeshika nyingine kadhaa za wenzangu, na hitilafu ni zile zile. Nyingi zinatokana na hewa: imezuiwa inapotakiwa kuingia, au imejipenyeza isipotakiwa. Kwa hiyo kabla hujalaumu pampu, filta au fundi, fuatilia kwanza hewa inapita wapi.

Umefungiwa mfumo gani?

Usiruke sehemu hii. Dalili moja hubeba maana tofauti kwa kila mfumo, na nimeona mtu akinunua pampu mpya wakati tatizo lilikuwa gasketi ya mfuniko.

Mfumo wa mteremko ndio rahisi. Tangi la ziada liko juu kuliko tangi kuu, na mafuta hushuka yenyewe kupitia koki. Kila tangi lina tundu lake la kupumulia.

Mfumo wa kunyonya ni mjanja zaidi. Tangi kuu limezibwa lisipumue kabisa, na mpira mmoja unaliunganisha na tangi la ziada. Kadiri injini inavyotumia mafuta, tangi kuu hunyonya mengine kutoka nyuma ili kujaza nafasi. Tundu la hewa liko kwenye tangi la ziada peke yake.

Mfumo wa pampu hutumia pampu ndogo ya volti 12 kusukuma mafuta kwenda tangi kuu. Unabonyeza swichi, unasubiri, unazima. Tangi lenyewe linaweza kukaa chini pia, hata ubavuni.

Kwa pikipiki ya injekta, mifumo yote mitatu inapeleka mafuta ndani ya tangi kuu tu. Mpira unaotoka pampu ya injekta kwenda kwenye injekta una mgandamizo wa karibu bar 3, na mpira wa kabureta na klipu zake haviwezi kuhimili. Ukikuta mtu ameunga tangi la ziada hapo katikati, usiwashe injini. Hilo ni la kuvunja na kuanza upya, na alianze fundi wa mifumo ya injekta.

Kabla ya kushika spana

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hautapanda juu upotee, utatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko, sigara au cheche ya swichi. Fanyia kazi nje, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umeutoa, na kizima moto cha unga kiko karibu. Taa iwe ya betri. Na usinyonye mpira kwa mdomo kuanzisha mtiririko, hata kama umeona wengi wakifanya hivyo. Petroli kidogo ikipita njia ya hewa inaharibu mapafu. Kipampu cha mkono cha mpira, kile kinachotumika kwenye mashine za boti, kinafanya kazi hiyo vizuri.

Dalili: tangi kuu linaisha, la ziada bado limejaa

Hili ndilo lalamiko la kila siku, kwa hiyo tulichimbe.

Jaribio la kwanza halihitaji hata bisibisi. Ukiwa umesimama na tatizo lipo, legeza mfuniko wa tangi la ziada polepole huku umesogeza sikio. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tangi lilikuwa halipumui. Mafuta yakianza kushuka baada ya hapo, umeshapata jibu. Tundu la hewa limeziba, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Vumbi lililochanganyika na petroli huganda kama gundi. Wadudu hujenga ndani ya mpira wa hewa ikiwa pikipiki imekaa wiki chache. Mpira wenyewe unaweza kuwa umeachwa ukining'inia kwa tumbo, petroli iliyomwagika ikatulia kwenye lile tumbo na kugeuka kizibo. Mpira wa hewa upande juu kwanza, kisha ushuke moja kwa moja hadi chini ya pikipiki bila kukunjamana popote.

Mimi mwenyewe nilihangaika siku mbili na tangi lililokuwa likifanya kazi kila nikilijaribu nyumbani na kugoma kila nikiondoka. Nilibadilisha filta. Nilibadilisha koki. Mwishowe niligundua kwamba nyumbani nilikuwa najaribu kiti kikiwa kimetolewa ili nione mipira. Mpira wa hewa ulipita chini ya kiti, na nilipokaa juu yake uzito wangu uliubana kimya. Tangu hapo jaribio lolote nalifanya kiti kikiwa mahali pake na mtu amekalia.

Kama tundu la hewa ni zima, sababu inayofuata ni povu la hewa ndani ya mpira wa mafuta. Mpira ukipanda kidogo kisha ukashuka, kama mgongo wa ngamia, hewa hukaa pale juu na mteremko hauna nguvu ya kuisukuma. Hutokea sana baada ya tangi la ziada kukauka kabisa na kujazwa tena. Kata mpira uwe na urefu unaotosha tu, upange ushuke mfululizo, kisha utoe hewa: funga koki, chomoa mpira upande wa tangi kuu juu ya chupa, fungua koki mpaka mafuta yatoke bila kukohoa, urudishe.

Kwa wenye mfumo wa kunyonya, shaka ya pili ni mfuniko wa tangi kuu. Gasketi ikivujisha hewa hata kidogo, tangi kuu litavuta hewa ya nje, ambayo ni nyepesi kuvutwa, na kuyaacha mafuta yalipo. Jaza matangi yote mawili, endesha kilomita 30, kisha tazama. Tangi kuu linapaswa kuwa limejaa vile vile na la ziada kupungua. Kama kuu limepungua, safisha mdomo wa tangi, paka gasketi mafuta ya vaselini kwa jaribio la mara moja, na urudie. Ikibadilika, nunua gasketi. Angalizo: ukifungua mfuniko wa tangi kuu kwenye mfumo huu huku tangi la ziada liko juu yake na limejaa, mafuta yatafurika yakimwagika juu ya injini. Funga koki ya katikati kwanza, na kama haipo, weka moja leo.

Baada ya hapo njoo kwenye vizuizi. Filta ya karatasi iliyotengenezwa kwa pampu hukataa kupitisha mafuta ya mteremko. Tumia ya wavu. Viungio vya kuchomoa haraka vina tundu dogo kuliko mpira unaouona nje. Vali ya njia moja ndiyo inayowadanganya wengi zaidi: nyingi zinahitaji mgandamizo fulani ndipo zifunguke, na hata ikiwa ni bar 0.03 tu, hiyo ni sawa na kimo cha petroli cha karibu sentimita 40. Kama tangi lako liko sentimita 20 juu ya jingine, vali hiyo haitafunguka kamwe. Upana wa mpira nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kutoka tundu la milimita 6 hadi 8 uwezo wa kupitisha huongezeka karibu mara 3.

Usikisie, pima. Pikipiki inayotumia lita 6 kwa kilomita 100, ikienda kilomita 100 kwa saa, inakunywa lita 6 kwa saa, yaani mililita 100 kila dakika. Chomoa mpira upande wa tangi kuu, uelekeze kwenye chupa yenye vipimo, fungua koki kwa dakika moja. Ukipata chini ya 100, tangi kuu litaishiwa huku la ziada likijitahidi. Mimi siridhiki chini ya 250, na kipimo hicho nakichukua tangi la ziada likiwa karibu kuisha, kwa sababu likijaa kila mpira unaonekana mzima.

Mwisho ni kimo. Macho hudanganya hapa, hasa tangi likiwa nyuma na pikipiki imeegemea stendi ya pembeni. Chukua mpira mwangavu wenye maji kama wanaotumia mafundi ujenzi kusawazisha msingi, simamisha pikipiki wima, na ulinganishe sakafu ya tangi la ziada na kimo cha mafuta kwenye tangi kuu.

Wenye kabureta na mfumo wa kunyonya, hii inawahusu ninyi. Tangi kuu likiwa limezibwa, kabureta haijali mafuta yaliyo juu yake. Inasukumwa kwa kimo cha mafuta yaliyo kwenye tangi la ziada, kwa sababu huko ndiko hewa inakogandamiza. Tangi la ziada likiwa limefungwa chini ubavuni, kimo chake kikashuka chini ya bakuli la kabureta, injini itakufa kwa kiu na tangi kuu limejaa pomoni. Hakuna filta wala mpira utakaolitibu hilo. Pandisha tangi au hamia kwenye pampu.

Dalili: petroli inamwagika kwenye mfuniko au mpira wa hewa wa tangi kuu

Kwa mfumo wa mteremko, swali la kwanza ni moja: ulifungua koki lini? Mafuta ya juu hayajui kwamba tangi la chini limejaa. Yatashuka na kutokea tundu la hewa, na ukiwa umeegesha usiku kucha utakuta dimbwi. Endesha mpaka tangi kuu lipate nafasi inayozidi mafuta yote yaliyo nyuma, ndipo ufungue. Kama tangi la ziada ni kubwa kuliko hilo kuu, fungua kwa mafungu na kufunga kila unaposimama.

Kwa mfumo wa pampu, mara nyingi swichi ilisahaulika. Weka taa inayowaka pampu ikizunguka, au swichi ya muda inayojizima.

Kama koki ilifungwa na bado inapitisha, oringi zake zimechoka. Ichomoe, ining'inize juu ya chupa usiku mmoja, uone matone.

Halafu kuna joto. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka. Lita 20 zilizotoka zikiwa baridi kwenye tangi la ardhini la kituo cha mafuta, zikapata joto la nyuzi 20 zaidi juani, huongezeka karibu lita 0.4. Ni glasi mbili za petroli zinazotafuta pa kutokea. Usijaze mpaka shingoni. Acha nafasi ya karibu asilimia 5.

Simama hapa ukiona hivi: pikipiki ya kabureta ilimwagika usiku, na asubuhi oili ya injini imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Mafuta yamepita sindano ya kabureta na kuingia kwenye injini. Usibonyeze stata. Silinda iliyojaa petroli haibanwi, na kitakachopinda ni konrodi. Toa plagi, mwaga oili, na kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite fundi aje ulipo badala ya kuiwasha umpelekee. Koki ya vakyumu, ile inayofunguliwa na mvuto wa injini, ikiwa ngozi yake ya ndani imetoboka, ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kwa pikipiki zenye kopo la mkaa linalonasa mvuke, kufurika huko hujaza kopo petroli mbichi, na baadaye injini huwaka kwa shida na kutoa moshi mweusi. Kopo lililolowa namna hiyo hubadilishwa.

Dalili: injini inakata baada ya mwendo fulani, ukipumzika inawaka tena

Fungua mfuniko wa tangi kuu injini inapokata (koki ya katikati ikiwa imefungwa). Ikivuta hewa kwa nguvu, tangi kuu limebanwa pumzi. Kwenye mfumo wa mteremko na wa pampu maana yake tundu lake la hewa limeziba, mara nyingi kwa sababu aliyefunga alitumia mpira huo huo wa hewa kuingizia mafuta ya ziada na kusahau kuacha njia nyingine. Kwenye mfumo wa kunyonya, rudi kwenye tundu la tangi la ziada. Usilipuuze: pampu ya injekta ina nguvu ya kutosha kubonyeza tangi la bati jembamba likaingia ndani kama kopo la soda.

Isipovuta hewa, gusa mpira wa mafuta. Ukiwa wa moto, umepita karibu na ekzosi au kichwa cha injini, petroli inachemka ndani yake na kufanya mapovu. Uhamishe, au uvalishe soksi ya kuzuia joto.

Dalili: harufu ya petroli, lakini hakuna palipolowa

Anza na mpira wa hewa unaishia wapi. Ukiishia karibu na kiti, mvuke wote unapanda puani mwako. Ushushe hadi nyuma ya gurudumu, mbali na ekzosi. Kisha paka chaki ya unga kwenye viungio vyote, endesha nusu saa, urudi kutazama. Petroli inayovuja kidogo hukauka kabla hujaiona, ila kwenye chaki huacha doa.

Kama chaki imebaki kavu, tazama mpira ni wa aina gani. Mipira mingi ya plastiki mwangavu hupitisha mvuke kupitia ukuta wake na kukakamaa ndani ya msimu mmoja. Tumia mpira ulioandikwa SAE J30 R7 kwa mafuta ya mgandamizo mdogo, na R9 kwa mkubwa. Tangi la plastiki lisilotengenezwa kwa ajili ya petroli litanuka daima.

Dalili: inavuja waziwazi

Kwenye viungio, kosa la kawaida ni utepe mweupe wa mabomba ya maji. Hauyeyuki kwenye petroli, lakini nyuzi zake hukatika na kwenda kukaa kwenye koki na filta. Silikoni ya madirishani ni mbaya zaidi: inavimba na kubanduka kama ngozi. Tumia gundi ya hesi iliyoandikwa kwamba inahimili petroli, au washa yenye raba iliyogandishwa kwenye chuma. Na usikaze kiungio cha plastiki kwa nguvu zote. Ufa hautauona mpaka barabarani.

Tangi lenyewe likivuja, hapo mambo ni mengine. La faiba linalowekwa petroli yenye ethanoli hulainika, kuta zake zikawa za kunata. Halitibiki, liache. La aluminiamu hupasuka kwenye kona na pale vishikio vilipochomelewa, kwa sababu mtetemo wote unaishia hapo. Sasa sikiliza: tangi lililowahi kuwekwa petroli halichomelewi gereji yoyote ya karibu kwa sababu tu "limekauka tangu jana." Tangi tupu ndilo linalolipuka, kwa kuwa lina mvuke na hewa kwa pamoja. Lipeleke kwa mchomeleaji anayejua kuliosha na kulijaza gesi isiyowaka kabla ya moto. Akikuambia atapitisha maji kidogo tu, chukua tangi lako uondoke.

Ukitaka kupima kama tangi limetengemaa, lijaze maji, lifute nje, uliache juu ya gazeti kavu. Usilifunge kwenye kompresa. Ukuta wa sentimita 30 kwa 40 ukipata bar 0.2 tu unasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 240. Tangi la mafuta halikutengenezwa kuwa mtungi.

Dalili: injini inamisi au kukohoa tangu tangi lifungwe

Mwaga petroli kidogo kutoka chini ya tangi la ziada kwenye chupa ya kioo, iache dakika kumi. Vumbi linalong'aa ni la kukatia aluminiamu, aliyetoboa hakuosha. Tone linalotulia chini kama lulu ni maji, na petroli yenye ethanoli ikishaweka tabaka la namna hiyo hairekebishiki kwa kutikisa, imwage yote. Chembe laini za manjano au nyeusi ni sponji. Sponji hiyo huwekwa ndani kuzuia mafuta yasirukeruke, ikizeeka husagika, na ukiona chembe zake itoe yote, kwa sababu filta utakayoweka leo itajaa tena wiki ijayo.

Dalili: pampu haizunguki, au inakata fyuzi

Pampu hizi ndogo kwa kawaida huvuta ampea 1 hadi 2, kwa hiyo fyuzi ya 5 inatosha. Ikikata, usipandishe kuwa ya 15. Kuna waya umechunika, kwa kawaida pale unapopita chini ya tangi au kwenye kona ya fremu. Isipozunguka kabisa, anza na waya wa ethi, ule hasi unaofungwa kwenye fremu: rangi ya fremu haipitishi umeme, ikwangue. Ikizunguka bila kusukuma, ujue pampu hizi ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Ishushe chini ya tangi, na filta ikae kabla yake.

Jambo la usalama ambalo mafundi wengi hawalifikirii: pikipiki za injekta nyingi zina kihisi kinachozima pampu ikianguka. Pampu yako ya ziada haijui hilo. Ichukulie umeme kupitia relei inayoamshwa na saketi ile ile ya pampu kuu, ili pikipiki ikilala chini zote mbili zinyamaze. Ukiona waya zake ni fumbo, hii ni kazi ya fundi umeme wa pikipiki. Na kwa kuanguka huko huko, mpira wa hewa wa tangi la ziada uwe na vali inayojifunga pikipiki ikipinduka.

Dalili: pikipiki inayumba, au keria inapasuka

Lita 10 za petroli zina uzito wa karibu kilo 7.5. Ongeza tangi na vishikio, umefika kilo 12, na keria nyingi za kiwandani zimeandikwa kikomo cha kilo 5 hadi 10. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya pikipiki, na kwenye mwendo mkubwa usukani huanza kucheza.

Yaliyo rahisi kwanza: upepo wa matairi uwe wa mzigo kamili kama ilivyoandikwa kwenye kitabu, na springi ya shokapu ya nyuma ikazwe. Tumia mafuta ya nyuma mapema kadiri tangi kuu linavyopata nafasi. Kama inayumba tangi likiwa nusu na kutulia likijaa, ni mafuta yanayorukaruka, tangi halina kuta za ndani. Kaza bolti zote baada ya kilomita 100 za kwanza.

Ukiona ufa kwenye fremu ya nyuma, hata mwembamba kama unywele, toa tangi hapo hapo ulipo, umalizie safari kwa tangi kuu. Kuchomelea fremu ni kazi ya mtu anayejua chuma cha fremu ni cha aina gani.

Watu huniuliza tangi liwe kubwa kiasi gani. Mashindano ya Iron Butt Rally ya Marekani, ambayo waendeshaji wake hukaa barabarani siku 11, hayaruhusu jumla ya zaidi ya galoni 11.5 za Marekani, karibu lita 43.5. Kama wale wanatosheka, nawe utatosheka.

Dalili: kilomita hazifiki hesabu

Geji ya tangi kuu haijui lolote kuhusu tangi la nyuma, kwa hiyo iache. Tatizo kwa kawaida ni mafuta yasiyofikika. Tangi lenye sakafu bapa ya sentimita 40 kwa 30, likiwa na tundu la kutokea lililo sentimita 1 juu ya sakafu, hubakiza lita 1.2 ambazo hutazipata. Tangi likiinama upande usio na tundu, hubakiza zaidi.

Pima mara moja, kwa uhakika: endesha mpaka la ziada liache kutoa, kisha lijaze kwa chupa yenye vipimo ukihesabu. Kilichoingia ndicho unachomiliki, hata kama muuzaji aliandika lita 15 ubavuni. Andika namba hiyo kwa rangi ndani ya mfuniko, mahali utakapoiona kila unapojaza.